Wasomaji Wauliza: Kila Chakula cha Dar es Salaam na Saa Yake

Barua nyingi za mwezi huu zimegusa jambo moja, nalo ni namna ya kuujua mji wa Dar es Salaam kupitia migahawa ya mitaani na mahali pa ngoma, muziki na michoro, bila kulazimika kuingia hoteli kubwa za ufukweni. Nimechagua barua tano. Baadhi nimezifupisha, lakini maswali yenyewe sikuyagusa.

Nimehamishiwa Dar es Salaam kikazi kutoka Songea miezi sita iliyopita, na ninaishi Upanga. Tangu nifike ninakula mahali pamoja tu, chipsi na kuku karibu na ofisi, na wenzangu huniambia kwamba nimekuja mjini bila kuuona mji. Sina gari wala fedha nyingi. Nikiwa na Jumamosi moja, nianzie wapi? (Msomaji, Upanga)

Karibu Dar es Salaam, ndugu yangu. Wageni wengi huanza kwa kuuliza jina la mgahawa, nami nakushauri uanze kwa kuuliza saa. Chakula cha mtaani katika mji huu kina saa zake, na anayezikosea hukuta sufuria imekwisha kuoshwa, au hupewa kilicholala tangu asubuhi kisha akaenda kusema kwamba mama lishe fulani hajui kupika.

Anza saa moja asubuhi kwa supu. Mgeni huenda akashangaa, lakini hapa supu ya ng'ombe, ya mbuzi, ya makongoro au ya kuku wa kienyeji ndicho kifungua kinywa cha fundi, dereva na mchuuzi, nayo huliwa kwa chapati, ndimu na pilipili mbichi. Kariakoo, Ilala na Magomeni kote utaipata. Ikifika saa nne imekwisha, na ukiambiwa bado ipo, uliza kwanza kama imeongezwa maji.

Kabla ya adhuhuri tembea kwa miguu hadi Kisutu, kwa sababu kutoka Upanga si mbali. Ule mtaa wa mahekalu ya Wahindu una nyumba za chakula zisizopika nyama wala samaki hata kidogo, na hapo utaletewa sinia lenye vibakuli vya dengu, viazi vya mchuzi, mboga mbili tatu, maziwa ya mgando na chapati nyembamba kama karatasi. Usiondoke kabla ya kupita kwa wauza jalebi na kachori. Watu wengi niliozungumza nao wameishi Dar es Salaam miaka ishirini na hawajawahi kuketi katika nyumba hizo, wakidhani ni za wenyewe tu. Si hivyo. Hizo ni biashara kama biashara nyingine, na anayeingia kwa adabu akaketi atahudumiwa.

Mchana vuka viwanja vya Mnazi Mmoja uingie Kariakoo kwa mama lishe. Wali maharage na ugali samaki hutavikosa, lakini hivyo umevizoea. Muulize hivi: "Mama, leo una nini cha kwenu?" Swali hilo limenifundisha Tanzania kuliko ramani yoyote. Mama wa Kigoma atakufunulia sufuria ya migebuka au dagaa wa nyumbani kwao. Wa Dodoma atakuwa na mlenda. Wa Moshi atakuwa na mtori, hasa kama kuna mzazi aliyejifungua karibu anayepikiwa. Wa Tanga au Pwani atakupa kisamvu kilichoungwa kwa nazi hadi kikawa kizito. Mara nyingi chakula hicho hakitangazwi kwa sababu mpishi amekipika kidogo kwa ajili yake na majirani wanaotoka kwao, na swali lako humpa furaha ambayo bei haiwezi kumpa.

Alasiri ni saa ya urojo, na hapa naomba niende polepole. Urojo ulikuja kutoka Zanzibar, nao hautengenezwi kwa haraka hata kama foleni ni ndefu. Muuzaji mzuri huanza na viazi vya kuchemsha vilivyokatwa vipande, kisha huongeza bhajia za kunde, kachori moja aliyoipasua kwa kijiko, na mishkaki miwili anayoivua kijitini moja kwa moja ndani ya bakuli. Hapo ndipo upawa wa rojo la manjano humiminwa, lenye uchachu wa embe mbichi au ndimu. Hufuata chatne ya nazi na pilipili, na mwisho kabisa chipsi za muhogo zilizoparuzwa nyembamba, ambazo huwekwa juu ili zisilainike kabla hujafika kwenye benchi. Ukiona mtu ameanza na chipsi za muhogo, tafuta bakuli lako mahali pengine. Muhogo huo uliletwa Afrika na Wareno kutoka Amerika, chatne na kachori ni za Bara Hindi, na mkono unaovichanganya ni wa Mzanzibari aliyehamia Dar es Salaam, na kila nikilishika bakuli hilo huona kwamba bahari yote imo ndani yake.

Magharibi ikiingia, rudi Upanga au katikati ya mji kwenye majiko ya mkaa yanayowashwa kando ya barabara, ule mishkaki na kuku wa kuchoma kwa ukwaju na mihogo. Ukiwa na nguvu bado, Kariakoo usiku kuna supu ya pweza, inayouzwa kwa kikombe kidogo huku muuzaji akikukatia vipande juu ya ubao na kuvichoma kwa kijiti. Fedha ya siku nzima haitazidi ile unayolipa kwa mlo mmoja katika hoteli ya ufukweni, lakini hakikisha una noti ndogo ndogo na sarafu, kwa maana chenji ni tatizo kila mahali.

Mimi ni mwanafunzi. Kila nikipita Mnazi Mmoja najiuliza kwa nini upande mmoja maduka na vyakula ni vya Kihindi, na ukivuka uwanja tu mji unabadilika kabisa. Je, watu walijitenga kwa hiari yao? (Msomaji, Ilala)

Umeliona jambo ambalo wengi hupita juu yake kila siku. La, haikuwa hiari peke yake. Wajerumani walipohamishia makao yao makuu Dar es Salaam kutoka Bagamoyo mwaka 1891, waliweka kanuni za ujenzi zilizogawa mji kwa aina ya nyumba, na Waingereza waliowafuata baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia waliendeleza mgawanyo huo katika maeneo matatu. Sheria ilitaja aina za majengo, lakini kila mtu alijua maana yake: Uzunguni palikuwa pa Wazungu karibu na bahari, Uhindini palikuwa pa wafanyabiashara, na Uswahilini palikuwa pa Waafrika. Kati ya Uhindini na Kariakoo paliachwa ardhi wazi kwa kisingizio cha afya, ili maradhi yasivuke. Ardhi hiyo ndiyo Mnazi Mmoja. Unapotembea pale, unatembea juu ya mpaka uliochorwa ofisini.

Jina la Kariakoo lenyewe limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza waliowekwa eneo hilo wakati wa vita. Walikuwa watu wa sehemu nyingi za Afrika Mashariki na ya Kati, na wengi mno walikufa kwa njaa na maradhi wakibeba mizigo ya vita isiyo yao. Soma mabao ya mitaa ya Kariakoo utakapopita tena: Kongo, Sukuma, Nyamwezi, Pemba, Swahili. Uswahilini palipokea kila aliyekuja, Mzaramo mwenyeji, Mmanyema kutoka Kongo, Mmatumbi, Mnyamwezi, na Mwarabu wa Hadhramaut tuliyezoea kumwita Mshihiri.

Huyo Mshihiri ana sehemu yake katika swali lako, kwa kuwa desturi ya kahawa chungu unayoiona vibarazani ina mkono wake. Muuza kahawa hutembea na birika la shaba lililokalia makaa, mkono wa pili ukigonganisha vikombe vidogo visivyo na masikio, na mlio huo hutosha kuwatoa watu ndani bila yeye kuita. Watu huketi kwenye benchi na kashata ya karanga, bao au drafti ikiwa katikati, na mazungumzo hutoka kwenye mpira hadi bei ya sukari hadi mashairi. Nakiweka kijiwe cha kahawa katika hesabu ya mahali pa utamaduni bila kusita, hata kama hakina bango. Nimesikia pale methali ambazo sikuwahi kuzikuta kwenye kitabu.

Baada ya uhuru mipaka ilianza kulegea, na chakula kilivuka kabla ya watu kuvuka. Sambusa, chapati, pilau na biriani leo hazina kabila katika Dar es Salaam. Msichana wa Kinyakyusa huzikanda na kuzikaanga Tandika, na hakuna anayemwuliza amejifunza wapi. Nyumba, mali na ndoa zimekwenda kwa mwendo wa polepole zaidi, kama ulivyojionea.

Shikamoo mhariri. Mimi nimestaafu, nina umri wa miaka sabini na mbili. Ujanani tulikwenda dansi kila mwisho wa wiki, tukala nyama, tukasikiliza bendi hadi alfajiri. Mwanangu ananiambia kumbi zote zimekufa. Ni kweli? Na kwa nini zilikufa? (Msomaji, Magomeni)

Shikamoo wewe, mzee wangu, na ahsante kwa barua yako, ambayo nimeisoma zaidi ya mara moja. Zote hazijafa, ila zimepungua sana, na unastahili maelezo.

Nianze na Anatoglo, kwa kuwa naamini uliijua. Ukumbi ule ulijengwa pale Mnazi Mmoja mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwa fedha za George Arnautoglu, mfanyabiashara mwenye asili ya Ugiriki, na ulimi wa wenyeji ukalilainisha jina lake. Ulisimama mahali pale pale palipokuwa mpaka, na humo zilipita dansi, harusi na mikutano ya siasa. Si ajabu mambo hayo yalikutana ukumbi mmoja. Bibi Titi Mohamed, kabla hajawakusanya kina mama kuingia TANU, alijulikana mjini kama mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba, na vikundi vya ngoma vya wanawake ndivyo vilivyokuwa njia ya haraka ya kupeleka habari kutoka mtaa hadi mtaa.

Bendi nazo zilikuwa picha ya mji uliojaa wahamiaji. Kilwa Jazz iliundwa mwaka 1958, na Western Jazz ikafuata mwaka 1959, jina lake likitokana na Jimbo la Magharibi walikotoka waanzilishi wake. Mtu aliyefika Dar es Salaam bila ndugu aliweza kuwatafuta watu wa kwao kwa kufuata bendi yao. Miaka ya 1970 Wakongo walikuja na magitaa yao, Orchestra Maquis ikaweka makazi hapa, na mwaka 1978 Remmy Ongala alifika kutoka Kongo kujiunga na Orchestra Makassy, akaishi hapa na kuimba kwa Kiswahili mambo ya wanyonge wa mji huu hadi wakazi wakamwita Dokta.

Kuhusu kilichoziua kumbi, wengi hulaumu disko na televisheni. Mimi naona sababu kubwa ilikuwa mshahara. NUTA Jazz, ambayo baadaye iliitwa Juwata na leo ni Msondo Ngoma, ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na wanamuziki wake walikuwa waajiriwa. Mlimani Park, Sikinde unayoijua, ilianza mwaka 1978 chini ya shirika la usafiri na teksi, kisha ikachukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la jiji, lililokuwa na kumbi na mabaa yake, Kariakoo mojawapo. Vyombo vilinunuliwa na shirika, na mpiga tarumbeta alikuwa na uhakika wa mwisho wa mwezi. Mashirika yalipodhoofika na biashara kufunguliwa, bendi zilibaki zikitegemea kiingilio cha mlangoni na mauzo ya jikoni. Ndiyo maana husisitiza kwamba katika Dar es Salaam ni vigumu kuutenganisha muziki na mgahawa: jukwaa husimama kwa nguvu ya nyama choma, ndizi na vinywaji, na jiko likizimwa bendi hukosa mahali pa kulala vyombo vyake. Ardhi nayo imepanda thamani. Sinema ya magari ya Msasani, iliyofunguliwa mwaka 1966, ambako familia za kila asili ziliketi juu ya mikeka kando ya magari zikila walichopika nyumbani, haipo tena. Kiwanja kile leo ni Ubalozi wa Marekani.

Mwanao amekosea kwa sehemu. Msondo na Sikinde wameendelea kupiga, ila hawana tena ratiba ya kudumu kama ile ya zamani, kwa hiyo mtume mjukuu aulize ifikapo Alhamisi ni baa au ukumbi gani una bendi wiki hiyo. Muziki huanza kwa kuchelewa kuliko ilivyotangazwa. Nakushauri ufike mapema, uagize nyama yako wakati jiko halijaelemewa, na uchague meza iliyo mbali na spika. Utawaona wazee wenzako wakiwa tayari wameshika nafasi hizo.

Tuna watoto wawili wa shule ya msingi. Tungependa waone sanaa na utamaduni, lakini kipato chetu ni kidogo. Twende wapi? (Msomaji, Kigamboni)

Nendeni kwanza Kijiji cha Makumbusho, Kijitonyama, kando ya barabara ya Bagamoyo. Pana nyumba za jadi za makabila mbalimbali zilizojengwa kwa ukubwa wake halisi, na watoto huruhusiwa kuinama na kuingia ndani, wakaona mahali pa mifugo, mahali pa moto na kitanda cha kamba. Mwisho wa wiki huwa na ngoma. Safari nyingine wapelekeni Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, palipo na mabaki ya viumbe wa kale wa Olduvai, kutoka bonde ambalo Mary Leakey aliokota fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, mwaka 1959. Chukueni vitambulisho, kwa sababu kiingilio cha Mtanzania ni kidogo kuliko cha mgeni.

Kwa michoro, Oysterbay kuna ushirika wa wachoraji wa Tingatinga, walioendeleza mtindo ulioanzishwa na Edward Saidi Tingatinga mwishoni mwa miaka ya 1960, kabla hajafariki mwaka 1972. Kuwatazama wakichora hakuna malipo, na mtoto anayependa kuchora husimama pale saa nzima bila kuchoka. Mwenge kwa wachonga vinyago ni hivyo hivyo, ila mwambieni mtoto asishike kitu chenye rangi mbichi. Nafasi Art Space, Mikocheni, ina karakana za wasanii wa leo, na mara kwa mara hufungua milango kwa maonyesho na muziki.

Jirani yangu wa Kihindu amenialika kwenye sherehe ya Navaratri na binti zake. Sijawahi kuingia katika sherehe zao na ninaogopa kukosea. Je, niende? Nivae nini, na nibebe nini? (Msomaji, Upanga)

Nenda, dada yangu. Ukikaa nyumbani, jirani atadhani umemdharau, wakati wewe unaona haya tu. Navaratri huchukua mikesha tisa, kwa kawaida mwezi Septemba au Oktoba, na sehemu ambayo wageni hualikwa ni ile ya michezo ya garba na dandiya, ambapo watu huzunguka kwa duara wakipiga makofi au wakigonganisha vijiti viwili kwa mdundo wa ngoma. Hatua zake si ngumu. Simama nyuma ya binti za jirani yako, tazama miguu yao kwa mizunguko miwili, na wa tatu utakuwa umeshaingia. Sisi wa Pwani, tuliokulia kwenye vigodoro na vidumbaki, duara si jambo geni kwetu.

Vaa nguo ya heshima isiyobana, yenye rangi, kwani nyeusi tupu haipendezi sana usiku huo. Viatu huvuliwa mlangoni, kwa hiyo vaa vile usivyovionea uchungu. Kama imani yako haikuruhusu kushiriki ibada yenyewe, mwambie jirani mapema kwa utulivu, nawe utakaa pembeni wakati wa maombi bila mtu kukutazama vibaya. Wengine wao huwa wamefunga siku hizo, basi usishangae ukiona mwenyeji anakukaribisha chakula naye hali.

Kuhusu zawadi, usibebe kitu chenye nyama wala samaki, na keki pia iache, kwa maana wengi wao hawali mayai. Beba matunda. Maembe yakiwa bado hayajaingia sokoni, papai zuri na mkungu mdogo wa ndizi mbivu vinatosha, na umkabidhi mama wa nyumba kwa mkono wa kulia kabla hujaketi.